Picha Isiyo na Mtu

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine wa darasa la sita walikimbilia uwanjani, lakini Kichongeo alikimbilia ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na shule, na juu yake palikuwa na mlango wa bluu wenye maandishi yaliyoanza kubanduka rangi: STUDIO YA KATUNI. Alizipanda mbilimbili, begi likimpigapiga mgongoni, akasukuma mlango kwa bega, akawaamkia wote kwa shikamoo moja, kisha akaelekea kwenye meza ya dirishani alipokaa mama yake mdogo.

Jina lake la shuleni lilikuwa refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu darasa la kwanza hakukosa kichongeo mfukoni, na kila aliyevunjikiwa na penseli alijua wa kumwendea. Jina likamganda. Hata walimu walimwita hivyo, na mama yake pia, hasa alipokuwa amekasirika.

Mama mdogo alikuwa mchoraji wa storibodi. Watu wengi hawaijui kazi hiyo, na mimi siwalaumu, kwa kuwa filamu ikishakamilika storibodi haionekani tena, kama msingi wa nyumba. Kabla katuni haijaanza kutembea na kusema, lazima mtu akae aichore yote katika vyumba vidogovidogo vya karatasi: hapa tuuone mtaa mzima kwa mbali, hapa tuwaone watu wawili kuanzia kiunoni, hapa tuone jicho tu. Yeye ndiye anayeamua kamera isimame wapi, ingawa kwenye katuni hakuna kamera ya kweli. Kuna macho ya mchoraji basi.

Na Mama mdogo alikuwa na macho. Alichora kwa mistari michache, vichwa kama vitufe na mikono kama njiti, na bado ungejua nani ana hasira na nani anadanganya. Siku moja alimchorea Kichongeo kikombe mara mbili. Mara ya kwanza alikichora kutoka juu kabisa, kikawa kidogo, kimeachwa peke yake katikati ya meza. Mara ya pili alikichora kutoka chini, kikasimama kama mnara, ukataka kukiogopa. Kichongeo aliuliza kama ni vikombe viwili tofauti. "Kikombe ni kilekile," Mama mdogo alimjibu. "Wewe ndiye uliyehama."

Siku nyingine alimchora mtu akitembea kwenye mvua, vyumba vitatu mfululizo, akielekea kulia. Chumba cha nne akamgeuza aelekee kushoto, akauliza mtu huyo anakwenda wapi. Kichongeo akajibu bila kufikiri kwamba amerudi nyumbani, labda amesahau mwavuli. Mama mdogo akacheka sana. Hakuwa ameandika neno hata moja kuhusu nyumbani wala mwavuli. Yote hayo Kichongeo aliyasoma kwenye mwelekeo wa miguu tu. Wenzake walitazama mpira kwa mdomo wazi, yeye alitazama mkono wa mama yake mdogo, na kwa maoni yangu hakupunjika.

Basi ikatokea mwalimu mkuu wa shule akaja studio. Shule yao ilitazamana na bohari la saruji, na malori yalipanga foleni kando ya barabara tangu asubuhi yakingoja kupakia. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakijipenyeza katikati ya malori hayo kama kuku kwenye ua, na kila jioni mwalimu mkuu alisimama getini moyo ukimdunda. Ameimba nyimbo za usalama, ameweka matangazo, amegomba. Watoto wanaitikia vizuri halafu wanapita palepale. Alitaka katuni fupi ambayo ingewaingia.

Mwongozaji wa filamu aliikubali kazi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko kwenye macho. Walipogawana vipande, Mama mdogo alisema, kana kwamba ni jambo la kawaida tu, kwamba kipande cha kuvuka barabara achore Kichongeo, kwa sababu ndiye anayeivuka kila siku. Mwongozaji alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akakubali, ila kwa sharti lake la siku zote: Ijumaa picha zote zingepelekwa kwa watoto wa darasa la kwanza, na kipande ambacho watoto hawangekielewa kingekatwa, hata kama kimechorwa na malaika. Kikipita, kingeingia kwenye filamu na mchoraji wake angetajwa mwishoni.

Kichongeo alirudi nyumbani hashikiki. Alimwambia mama yake, akamwambia jirani, akamwambia mdogo wake wa darasa la kwanza, Kitinda, ambaye alimwuliza dada yake kama kwenye filamu kutakuwa na paka. Hakukuwa na paka. Kitinda akasema basi si kitu.

Lakini Mama mdogo hakumwachia barabara moja kwa moja. Alichukua boksi la sabuni, akatoboa kwa wembe tundu la pembe nne lenye umbo la kioo cha televisheni, akampa. Hiyo ndiyo ilikuwa kamera yake. Kwanza afanye mazoezi kwa kitu kimoja cha nyumbani, ndoo ya pale bombani: aichore kutoka mbali, kutoka karibu, kwa usawa wa macho, kutoka juu na kutoka chini. Na kila picha aitazame kupitia tundu lile kabla ya kuichora.

"Usichore kutoka mahali ambapo hujafika," alimwambia. "Ukitaka kuchora kutoka chini, lala chini. Tumeelewana?"

Kichongeo alisema wameelewana.

Bomba lenyewe lilikuwa katikati ya ua ambao familia kadhaa zilishirikiana. Alasiri ile kulikuwa na watu wengi, nguo zikifuliwa, maji yakisubiriwa, watoto wakirukaruka. Kichongeo aliichora ndoo kutoka mbali, akaichora kutoka karibu, akapanda ngazi za nyumba ya jirani akaichora kutoka juu, mdomo wake umekuwa duara na maji yanang'aa ndani. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Ikabaki ile ya chini. Alishuka, akachuchumaa, akaiangalia ile sakafu iliyolowa povu. Alipoinua macho akamwona Redio.

Redio alikuwa rafiki yake wa darasani, naye aliitwa hivyo kwa sababu hakuna habari iliyowahi kumkaa tumboni. Alikuwa ameegemea ukuta, anamenya chungwa. Aliuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu kama Kichongeo ameangusha sarafu au amekuja kuchumbia ndoo. Ua mzima ukacheka. Kichongeo akasimama, akajikung'uta magoti ambayo hata hayakuwa yamegusa chini, akaingia ndani.

Alikaa mezani, akaichora ile picha ya kutoka chini kwa kichwa tu. Tena aliichora kwa bidii. Ndoo ilisimama kubwa, ina kivuli laini, na juu yake maji yalimetameta kwa viwimbi vidogo ambavyo vilimfurahisha mwenyewe. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Akajiambia kwamba hakuna atakayejua, na kwamba isitoshe, kulala chini ni mambo ya watoto.

Kesho yake Mama mdogo alizipitia picha moja baada ya nyingine bila haraka. Aliisifu ya mbali, akaisifu ya kutoka juu. Alipofika kwenye ile ya mwisho alikaa nayo kidogo.

"Hii ulikuwa wapi?"

"Nililala chini, Mama mdogo. Karibu na bomba."

Maneno yalitoka laini, hata Kichongeo mwenyewe akashangaa. Mama mdogo aliinuka, akaileta ndoo ya kupigia deki, akaijaza maji nusu, akaiweka juu ya meza yake ya kazi, katikati ya karatasi. Kisha akamwomba Kichongeo achuchumae pale chini, kwenye mguu wa meza, na kamera yake ya boksi, atazame juu aseme anachokiona.

Kichongeo alisema anaona ndoo. Akaulizwa sehemu gani ya ndoo. Akasema tumbo lake, na ukingo.

"Na maji?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kichongeo iliishia hapo kwenye mguu wa meza. Alitazama juu, akatazama tena. Ukingo wa ndoo uliyaficha maji yote. Mtu aliye chini ya ndoo hawezi kuyaona maji yaliyomo, na viwimbi vyake vizuri havikuwa vimeonekana na jicho la mtu yeyote.

"Sikulala," alisema kwa sauti ndogo. "Redio alinicheka, nikaona aibu. Nikachorea ndani."

Mama mdogo akakaa chini sakafuni, na gauni lake la kazini, wakawa usawa mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Kichongeo zaidi.

"Kosa la ndoo si kitu," alisema. "Mimi mwenyewe nimekosea ndoo nyingi. Lakini nimekuuliza, ukaniambia ulikuwa mahali ambapo hukuwapo. Sasa mtoto mdogo akiiona picha yako ya barabara, hatakuuliza ulisimama wapi. Ataamini tu, halafu atavuka."

Akasimama, akazichukua karatasi za kipande cha barabara, akazitia kwenye droo yake, akaifunga. Zingekaa humo, alisema, mpaka ayaone magoti ya Kichongeo yana vumbi.

Kichongeo alilia kwenye ngazi. Alilia kwa sababu kazi aliyoitamani kuliko kitu chochote ilikuwa imefungiwa kwenye droo, na kwa sababu aliyeifunga ni mtu ambaye alitaka kufanana naye kuliko mtu yeyote. Alipomaliza kulia alirudi juu, akachungulia mlangoni, akauliza kama aanze na ndoo au aende barabarani kabisa.

"Anza na ndoo," Mama mdogo alimjibu bila kuinua kichwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Siku ile Kichongeo alilala chini. Alijinyoosha kifudifudi pale bombani, shavu karibu na povu, boksi la sabuni mbele ya jicho. Redio alikuja, akacheka, akaita na wengine waje wacheke. Lakini Kichongeo hakuwasikia sana, maana kitu kilichokuwa ndani ya tundu lile kilikuwa kimemchukua. Ndoo ilikuwa jengo. Chini ya ukingo wake kulikuwa na tone moja lililoning'inia, linakaribia kudondoka na halidondoki. Nyuma yake mguu wa jirani ulikuwa nguzo, na kamba ya nguo ilikata mbingu pande mbili. Hakuwa amewahi kuliona bomba lao likiwa hivyo, naye amechota maji pale maisha yake yote.

"Redio, nyamaza kidogo," alisema. "Njoo uone."

Redio akalala, akaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane alinyamaza kweli. Baada ya hapo watoto walijipanga foleni ya kuchungulia, mpaka mama zao wakaja juu kwa ajili ya sare zilizolowa. Mama yake Kichongeo naye aligomba, akasema sabuni hainunuliwi kwa majani. Kisha akamtafutia gunia la kulalia.

Mama mdogo alipoyaona magoti yale, aliifungua droo. Na kwa kuwa barabara si mahali pa mtoto kwenda kuzurura peke yake na boksi usoni, walikwenda pamoja, wakamchukua na Kitinda.

Kichongeo alidhani anaijua barabara ile. Aliinua kamera yake kwa kimo chake, akaona foleni ya malori, geti la bohari, watu, kila kitu mahali pake. Kisha akakumbuka filamu ni ya watoto wa darasa la kwanza. Akachuchumaa mpaka bega lake likawa sawa na bega la Kitinda, akatazama tena. Kulikuwa na tairi. Baada ya tairi kulikuwa na tairi jingine. Barabara haikuwapo.

Alimwuliza mdogo wake huwa anaona nini anapofika hapo. Kitinda akasema anaona matairi. Akamwuliza, na gari likija je? Kitinda akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Nalisikia," alisema.

Kichongeo hakucheka. Alimshika mdogo wake mkono, akaushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Lori la mbele kabisa lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu, na dereva wake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akijipepea kwa kofia. Mama mdogo alimsalimia, akamweleza wanachokitafuta. Dereva alisikiliza hadi mwisho, akauchomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati, ndipo akampandisha Kichongeo kwenye kiti chake.

Kutoka pale juu dunia ilikuwa wazi. Kichongeo aliona paa la shule, aliona kofia za wapita njia, aliona mbali hata kuliko kutoka dirishani studio. Alielewa kwa nini mtu anaweza kukaa kwenye kiti kile akajiamini kwamba anaona kila kitu. Chini, Mama mdogo alimshika Kitinda mkono, wakatembea kando ya lori, wakaja wakasimama mbele ya ile pua.

Mama mdogo alionekana kuanzia kifuani. Mkono wake mmoja ulishuka chini kwa upande, ukaishia kwenye bati la lori. Ulikuwa umeshika kitu, ilionekana ulivyokaza, lakini hapakuwa na mtu.

"Kitinda yuko wapi?" Kichongeo aliita kutoka dirishani.

"Yuko hapa, nimemshika."

Kichongeo alijiinua kwenye kiti, akanyoosha shingo, akasogea kulia, akasogea kushoto. Mdogo wake hakuwapo. Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia kwamba ndiyo sababu yeye hushuka na kulizunguka gari kabla ya kuliondoa, lakini si madereva wote wanaoshuka, na hata yeye kuna siku amechoka. Akasema kitu kimoja zaidi, ambacho Kichongeo alikishika.

"Mtoto akiwa hauoni uso wangu, ajue na mimi simwoni."

Mama mdogo akasogea kando, akabaki Kitinda peke yake mbele ya pua, na Kichongeo akaichora picha ile palepale, begi likiwa meza yake: usukani, kioo cha mbele, pua ya lori, barabara nyeupe inayongoja. Hapakuwa na mtu. Kisha akapanda ngazi za bohari, Kitinda akibaki mbele ya pua na Mama mdogo pembeni, akachora kutoka juu, mtoto mdogo na lori kubwa, uso kwa chuma. Akachora na ile ya tairi, kutoka kimo cha Kitinda. Mwisho akasimama kando, mbali kidogo na lori, mahali ambapo uso wa dereva unaonekana wote, akauchora huo uso kwa karibu mpaka ukajaza chumba kizima. Mama mdogo alisimama nyuma yake akitazama mkono ule unavyokwenda, na ningependa kusema alificha furaha yake, lakini hakuificha. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

Alhamisi picha zilibandikwa ukutani studio. Mwongozaji alizipitia miwani ikiwa machoni, jambo lililoonyesha heshima. Aliipenda ile ya tairi. Aliipenda sana ile ya uso. Alipofika kwenye picha ya kiti cha dereva akasimama, akasema hii imekosa mtu.

Kichongeo akaeleza kwamba mtoto yupo, ila haonekani. Mwongozaji akasema hilo ameshalielewa, lakini yeye ni mtu mzima. Mtoto wa miaka sita akiona barabara tupu atadhani wachoraji wamesahau, na hapo kipande chote kinapotea. Dawa ni ndogo: aongeze kichwa, nywele na macho mawili tu vichomoze juu ya pua ya lori, watoto wajue mwenzao yuko pale. Alisema kwa upole, na tusimfanye mbaya, maana amewatengenezea watoto filamu nyingi na anajua wanavyochoka haraka. Akakumbusha tu kwamba kisichoeleweka kesho kinakatwa.

Kichongeo alimtazama Mama mdogo. Mama mdogo alikuwa anapuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi yake mwenyewe, na hakumsaidia.

Aliichukua penseli. Kichwa ni nusu duara tu, kazi ya kufumba na kufumbua, tena macho mawili yanayochungulia yangependeza. Jina lake lingesomwa mwishoni na shule nzima. Ncha ya penseli iligusa karatasi, ikaacha nukta. Halafu akaukumbuka ule mkono wa Mama mdogo ulioshuka ukashika mtu asiyekuwapo.

"Siwezi," alisema. "Nilikaa kwenye kile kiti, na hakuonekana hata nywele. Nikichora kichwa, watoto wataamini dereva anawaona."

Mwongozaji aliipandisha miwani kwenye paji, akaishusha, akaipandisha tena. Mwishoni akasema haya, wenye filamu yao wataamua wenyewe kesho. Wasipoelewa, kipande kinatoka chote, na asije akalaumiwa. Kichongeo akasema sawa, kisha akaifuta ile nukta.

Ijumaa asubuhi watoto wa darasa la kwanza walikaa kwenye mikeka ya darasani, wamebanana, Kitinda akiwa mstari wa mbele akijifanya hamjui dada yake. Mwongozaji aliegemea mlango. Mama mdogo alishika pini. Kichongeo alikuwa ameyarudia maneno yake njia nzima, lakini aliposimama mbele ya macho yale yote yalimtoroka, akabaki kuuliza maswali tu.

Alibandika picha ya mbali, watoto wakaitambua barabara yao, wakapiga kelele. Akabandika mtoto mwenye begi akiwa anatoka getini, wakampenda. Akabandika tairi, mmoja akasema, "Hapo tunapitaga," na wengine wakaitikia. Ndipo akabandika ile ya kiti cha dereva.

Aliwaambia kwamba sasa wao ndio madereva, wamekaa juu, wameshika usukani. Mikono mingi midogo ikashika usukani hewani. Akawauliza wanaona nini mbele yao. Wakasema barabara. Akawauliza kama kuna mtu. Walitazama kwa makini, na mmoja alisimama akaja kuigusa karatasi kwa kidole, akageuka akawaambia wenzake hakuna. Kule mlangoni mwongozaji alikunja mikono.

"Basi dereva aondoke?" Kichongeo aliuliza.

"Aondoke!" darasa zima likajibu, na wengine wakaanza kunguruma kama injini.

Kichongeo akabandika picha iliyofuata, ile ya kutoka juu. Lori, na mbele ya pua yake, mtoto.

Ngurumo zilikatika moja baada ya nyingine. Mikono iliyoshika usukani ikashuka mapajani. Hakuna aliyeuliza kama wachoraji walisahau. Walitazama picha hii, wakarudi kuitazama ile tupu, wakarudi tena hapa, na Kitinda akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Huyo ni mimi."

Mtoto mmoja wa nyuma alisimama. "Mwambie dereva asiondoke," alisema, na midomo yake ilikuwa inamchezacheza. "Tulikuwa hatujamwona."

"Bado hajaondoka," Kichongeo alimjibu. "Hajaondoka. Mtoto afanye nini ili aonekane?"

Hapo wote walisema kwa pamoja. Arudi, akimbie, apige kelele, alie, amwite mwalimu. Taratibu, kutoka kwenye makelele hayo, wakafika wenyewe: aende mahali ambapo anaweza kuuona uso wa dereva, na dereva amwone. Kichongeo akabandika ile picha ya mwisho, uso mkubwa unaowatazama wote, na darasa likashusha pumzi.

Mwongozaji alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Alimwambia Mama mdogo kwamba kipande kimepita na mtu asikiguse hata mstari. Kisha akamwendea Kichongeo, akampa mkono kama mfanyakazi mwenzake, akasema jana alikuwa amekosea yeye.

Filamu yenyewe ilikuwa bado kabisa. Kulikuwa na miezi ya kazi mbele. Lakini jioni ile, shule ilipotoka, Kichongeo na Mama mdogo walimpitia Kitinda getini, wakakuta foleni. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamesimama kando, mbali na pua ya lori la kwanza, wamejiinua kwa vidole vya miguu, wananyoosha shingo kutafuta uso kwenye kioo. Dereva asiyejua kitu aliwatazama kwa mshangao, akatoa kichwa dirishani, akaangalia huku na huku, akawapungia wapite. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili, anawatazama.

Mama mdogo aliweka mkono kwenye bega la Kichongeo.

"Ungekichora kile kichwa, hawa leo wangepita palepale pa siku zote," alisema. "Mkono wako ni mzuri, mwanangu, lakini mikono mizuri ni mingi. Kazi yetu ni kwenda kusimama mahali ambapo mwingine hajasimama, hata kama watu wanacheka, halafu kurudi kumwambia kweli tulichokiona. Ukiona aibu kwenda, sema hujaenda. Na ukienda, usiongeze wala usipunguze."

Kichongeo alitaka kujibu, lakini Kitinda alimvuta mkono kwa nguvu.

"Dada, usivuke," alisema. "Bado sijauona uso wake."

Wakasimama wote watatu nyuma ya watoto wadogo, wakingoja zamu yao ya kuonekana.